Kuuza Nyumba Uende Ukaishi Ndani ya Gari: Piga Hesabu Kabla ya Kung'oa Nanga



Mtoto wa ami yangu anaishi Uingereza, mwaka wa 26 sasa. Ijumaa moja baada ya swala alipiga simu ya video nyumbani kwao, Mji wa Kale, akamwambia babake kwamba yeye na mkewe wanataka kuuza nyumba yao, wanunue motohomu, na wazunguke nchi za Ulaya mwaka mzima bila ya kuwa na makao mengine. Watoto wamekua, kila mmoja ana kwake. Yeye amefika miaka 57 na kazi ya ghala imemmaliza mgongo.

Ami alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani mumefukuzwa?"

Sote tulicheka, lakini swali lilikuwa na uzito wake. Kwetu sisi watu wa pwani, mtu huonekana ametulia akiwa na nyumba, hata ikiwa ni ya makuti. Kuuza nyumba uende ukalale ndani ya gari ni jambo tunaloliona kama msiba. Kule lakini limekuwa jambo la kawaida. Ukipita kusini mwa Uhispania wakati wa baridi, au pwani ya Moroko karibu na Agadir, utayakuta magari haya yamepangwa kwa mistari, na ndani yake wastaafu wa Ujerumani, Ufaransa na Uingereza wanakunywa chai.

Nilipoona ndugu yangu hana mzaha, nilikaa nikasoma sheria, nikaulizia walio huko. Nayaandika hapa niliyoyapata kwa sababu najua si yeye peke yake. Zipo familia nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi zenye mtu wao Uingereza aliyefika umri huu, na wapo vijana wetu wanaotazama video za maisha haya usiku kucha wakidhani kinachohitajika ni gari na petroli tu.

Gari lenyewe ni lipi

Motohomu ni gari lenye nyumba juu yake. Mbele kuna kiti cha dereva, nyuma kuna kitanda, jiko la gesi, friji, choo kidogo na bafu. Kuna tangi la maji safi, mara nyingi la lita 100 hivi, na tangi jingine la kupokea maji machafu ya sinki na bafu. Umeme hutoka kwenye betri ya pekee inayochajiwa na injini, paneli za sola, au waya wa pale ulipoegesha. Si sawa na karavani, ambayo haina injini na huvutwa na gari.

Jambo la kwanza linalowanasa wengi ni uzito. Leseni ya kawaida ya gari, daraja B, inakuruhusu kuendesha motohomu isiyozidi kilo 3,500, na hapo vimehesabiwa vitu vyote: gari, watu, maji, mafuta, gesi, vyombo na nguo. Waliofaulu mtihani wa udereva Uingereza kabla ya 1 Januari 1997 walipewa pamoja nalo daraja C1, linalofika kilo 7,500. Ndugu yangu alifaulu 2001, kwa hivyo kikomo chake ni 3,500.

Sasa tazama hesabu. Gari likitoka kiwandani laweza kuwa na kilo 3,000 tayari. Mtu na mkewe ni kilo 150. Tangi likijaa ni kilo 100. Mitungi ya gesi, baiskeli mbili, mahema ya kivuli, sufuria za pilau, na ule mzigo wa kanga na makasha ambao mke wa Kiswahili hauwachi nyuma, basi umeshapita. Polisi wa barabarani huko wana mizani. Ukizidi unapigwa faini, na ajali ikitokea bima inapata sababu ya kukukwepa.

Siku 90 ndizo mwalimu

Hapa ndipo penye somo kubwa, na ndipo ndugu yangu alipokuwa hajui kitu.

Nchi 29 za Ulaya zimeungana katika kanda moja ya mpaka iitwayo Schengen. Ndani yake zimo Ufaransa, Uhispania, Ujerumani, Italia, Ureno na nyingine. Ukishaingia nchi moja, unapita hadi nyingine bila kusimamishwa kugongewa muhuri. Lakini mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na siku hizo ni za kanda nzima, si za kila nchi. Zamani Mwingereza hakuwa na habari na sheria hii. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipokwisha kujitoa kikamilifu, naye ni mgeni kama wengine.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Tuseme wameingia Calais tarehe 1 Septemba. Siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Wakikaa mfululizo, siku ya 90 ni 29 Novemba. Siku hiyo ni lazima wawe nje. Na hawawezi kurudi wiki inayofuata, kwa sababu kila siku utakayokuwa ndani, ofisa anahesabu siku 180 za nyuma na kuuliza: humu umekaa ngapi? Kwa mfano wetu huu, siku za kukaa zinaanza kupatikana tena mwishoni mwa Februari.

Wapo waliozoea kuchezea mihuri ya pasipoti. Mchezo huo umekwisha. Tangu 12 Oktoba 2025 kanda hiyo imeanza kutumia mtambo unaochukua picha ya uso na alama za vidole na kuhesabu siku wenyewe.

Ndiyo maana wanaoishi katika magari haya huzunguka kwa hesabu. Siku 90 ndani, kisha wanatoka kwenda Moroko, Albania, Bosnia, Serbia au Uturuki, ambazo hazimo katika kanda hiyo. Kwenda Moroko ni feri tu kutoka Algeciras au Tarifa, na pale bahari inapobana upana wake ni kama kilomita 14. Lakini Moroko nayo haimpi Mwingereza zaidi ya siku 90, kwa hivyo kalenda inabana pande zote. Asiyetaka kuhangaika namna hii hana budi kuomba kibali cha ukaazi cha nchi moja, na hapo ataulizwa mapato, bima ya afya, na anwani ya nyumba. Yaani mwenye gari anarudishwa kwenye nyumba.

Na wewe mwenye pasipoti ya Kenya, elewa vizuri. Kibali cha kuishi Uingereza hakikufungulii Schengen. Utaomba viza, ada yake yuro 90 kwa mtu mzima, na hata ukipewa, kikomo ni kile kile cha siku 90 katika 180. La hatari zaidi ni hili: kibali cha ukaazi wa kudumu Uingereza hupotea kwa kawaida ukikaa nje ya nchi hiyo miaka miwili mfululizo. Mtu aliyehangaika miaka kumi kukipata asije akakipoteza kwa kutalii.

Anwani, bima na daktari

Mtu akiuza nyumba hupoteza pia anwani, na kule anwani ndiyo uhai. Leseni, usajili wa gari, benki, pensheni, bima, vyote vinataka mahali pa kutuma barua. Wengi hutumia anwani ya mtoto au ndugu. Si vibaya, madamu kila mhusika ameambiwa ukweli. Kampuni ya bima inataka kujua kama gari ni la likizo au ndilo makao yako ya kudumu, na hizo ni bima mbili tofauti. Bima nyingi za kawaida zinaweka pia kikomo cha siku za kuwa nje ya nchi. Ukificha, utalipa ada kila mwezi na siku ya moto au wizi utaambiwa mkataba hauna nguvu. Huo si uungwana kwa upande wako, na si haki kumlaumu mwingine.

Gari nalo lina kalenda yake. Gari la Uingereza lililozidi miaka mitatu lazima likaguliwe kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT, na hufanyiwa huko huko Uingereza. Haiwezekani kulipeleka kwa fundi wa Uhispania akakupa karatasi hiyo. Kwa hivyo kila mwaka utarudi, upende usipende.

Matibabu ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Hospitali za serikali ya Uingereza ni haki ya anayeishi kule kikawaida, na pasipoti peke yake haitoshi. Aliyehama kabisa anaweza kudaiwa gharama. Ile kadi ya afya wanayopewa Waingereza kwa safari za Ulaya ni ya matibabu yasiyoweza kungoja wakati wa ziara ya muda. Haigharamii kumrudisha mgonjwa nyumbani, wala maiti. Mtu wa miaka 57 mwenye sukari, na ndugu yangu anayo, hawezi kusema "Mungu atajaalia" akaishia hapo. Funga ngamia kwanza, kisha utawakali. Bima ya safari inayojua ugonjwa wako, na wasia ulioandikwa unaosema ukifa Ureno uzikwe wapi na nani apigiwe simu, ni vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha injini.

Pa kulala, na maji ya udhu

Si kila pahali unaweza kusimamisha gari ukalala. Ufaransa miji mingi, hata vijiji, imetenga viwanja vya magari haya vinavyoitwa "aires", vyenye maji na pa kumwaga uchafu. Vingine ni bure na vingine unalipa yuro chache. Ujerumani wanaviita "Stellplatz". Uhispania wanatofautisha kuegesha na kupiga kambi: ukilala ndani bila kutoa kitu nje umeegesha, lakini ukitoa viti, meza na hema la kivuli umepiga kambi, na kambi ina pahali pake. Ureno ilikaza sheria 2021 baada ya fukwe zake kujaa magari na uchafu. Uingereza nako, shamba lina mwenyewe na ruhusa huombwa.

Maji ni mtihani wa kila siku, na kwa Mwislamu ni mtihani zaidi. Lita 100 zaonekana nyingi mpaka uishi nazo. Tukitawadha kwa bomba lililo wazi kama tulivyozoea misikitini, udhu mmoja huweza kula lita tano. Watu wawili, swala tano, ni lita 50: nusu ya tangi imekwenda kabla ya kupika wali. Na Mtume wetu (S.A.W.) imepokewa kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo ni kama theluthi mbili za lita. Kwa kipimo hicho, wawili watatumia lita saba hivi kwa siku nzima. Sunna ambayo sisi wenye bomba tumeipa mgongo, kwenye gari inakuwa ndiyo njia pekee ya kuishi.

Choo ni kile kile. Chini yake kuna kasha la kutoa, la kama lita 20, unalolibeba kwa mkono wako kwenda kulimwaga penye ruhusa. Wenzetu wanaotumia karatasi hukaa nalo siku mbili tatu. Sisi tunaostanji kwa maji, kasha hujaa upesi zaidi. Ni aibu kuyasema gazetini lakini ni bora uyasikie hapa kuliko kuyajua ukiwa mlimani.

Na kama utakuwa kwenye baridi, uliza ni gesi gani imo mtungini. Gesi ya buteni hugoma kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, na watu huamka usiku wakikuta hita imezima. Propeni hustahimili baridi kali.

Je, huyu ni msafiri?

Swali hili liliulizwa na mke wa ami, na ndilo lililotupeleka kwa sheikh wetu wa mtaani: mtu anayeishi ndani ya gari atapunguza swala maisha yake yote?

Sheikh alitukumbusha masharti katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata. Safari iwe na masafa, ambayo wanazuoni wa leo huyakadiria kama kilomita 80 na kitu. Ukifika pahali ukanuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, usafiri umekatika na unaswali kamili. Na iwe na mahali maalumu unapokwenda. Anayetangatanga bila kujua aendako hana ruhusa ya kupunguza, hata akizunguka dunia.

Kisha akatupa mfano uliotugusa watu wa bahari. Wanazuoni walishamzungumzia zamani baharia aliye chomboni na ahali zake, ambaye maisha yake yote ni safari. Kwa Shafi anaruhusiwa kupunguza, lakini ni bora atimize. Na Imam Ahmad hakumruhusu, kwa kuwa chombo ndicho nyumba yake. Gari hili na lile jahazi vina tofauti gani? Sitoi fatwa mimi, kila mtu amuulize mwanachuoni wake kwa hali yake. Nimeona tu kwamba fiqhi yetu iliwahi kufikiria maisha haya kabla ya injini kubuniwa.

Mengine ni mepesi zaidi. Nyama ya halali haisumbui katika miji ya Ufaransa na Ujerumani, kwa ajili ya Waarabu wa Maghreb na Waturuki waliojaa huko. Misikiti ipo, na mengine ni ya kuiendea makusudi: Granada ulifunguliwa msikiti mpya 2003, katika mji uliokuwa wa mwisho wa utawala wa Waislamu Uhispania, na Sarajevo kuna ile ya enzi za Uthmaniya. Asiende tu kaskazini mwa Norway wakati wa kiangazi bila kumuuliza sheikh, maana huko kuna wiki ambazo jua halizami kabisa.

Usiache mbachao

Tuje kwenye pesa. Motohomu ya mtumba iliyo imara yaweza kukutoa pauni 30,000 au 40,000, na mpya ni zaidi ya hapo sana. Ukiuza nyumba unazipata hizo na baki. Lakini nyumba na gari haviendi njia moja. Nyumba, kwa miaka mingi, huelekea kupanda. Gari hushuka tangu siku ulipolitoa dukani. Mtu akichoka baada ya miaka mitatu, na wengi huchoka, gari halitamrudishia nyumba. Atakuwa mpangaji uzeeni.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ushauri niliompa ndugu yangu ni huu: usiuze. Kodi gari kama hilo wiki tatu kwanza, tena wakati wa mvua na baridi, mjuane. Kisha ukiridhika, pangisha nyumba mwaka mmoja kwa idhini ya benki kama bado ina mkopo, kodi ya nyumba ilipe dizeli. Mwaka ukiisha na bado mnapendana, hapo zungumza habari ya kuuza.

Na kuna hesabu isiyoandikwa kwenye video zile. Kila mwezi pesa kutoka kwake ndizo zinunuazo dawa za ami na kulipa karo ya mtoto wa dada yake. Akiacha mshahara, ni nani atakayezitoa? Sisemi abaki kazini mpaka afe kwa ajili yetu. Sisi wa nyumbani tuna tabia ya kumfanya aliye ng'ambo kuwa kisima kisichokauka, na hilo si haki. Lakini aseme mapema, na watu wajipange.

Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akafika mpaka hapa Mombasa mwaka 1331. Twamtaja kwa fahari. Tunasahau kwamba alipokuwa njiani kurudi, alipata habari Dameski kwamba babake alikwishafariki miaka 15 nyuma, na mamake alichukuliwa na tauni muda mfupi kabla yeye hajafika nyumbani. Ami yangu ana miaka 84. Nilimtumia ndugu yangu habari hiyo, bila ya kuongeza neno.

Alijibu baada ya siku mbili, kwa karatasi ya hesabu. Septemba mpaka mwisho wa Novemba, Schengen. Kisha kurudi Uingereza, gari likaguliwe MOT, lisajiliwe kuwa haliko barabarani ili lisilipiwe ushuru, matangi yamwagwe maji yasigande, lifungiwe. Zile siku 90 za kungoja nje alizokusudia kuzimaliza Moroko, Desemba mpaka Februari, atazimaliza Mombasa. Ni msimu wa kaskazi, ule ule uliokuwa ukituletea majahazi.

Ami amesomewa karatasi hiyo mara mbili. Bado anasema gari si nyumba. Lakini jana alimwita fundi aje atazame paa la chumba cha juu.